Gari iliyokula mafuta ya ngazi

Kwenye ukurasa huu tumeisha kusoma historia ya reli, ya shaba na ya majina ya mitaa yetu. Leo naleta historia ya mazutu, na naianza na aibu yangu mwenyewe, juu bila ile aibu nisingeitafuta.

Ilikuwa mwezi wa saba 2022. Tangu vita ya Ukraine ianze mwezi wa pili, bei ya mafuta ilikuwa inapanda dunia nzima, na huku Kolwezi mwenye shamba alikuwa anahesabu litri kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Nilikuwa nalima tomati za kiangazi upande wa Kanzenze, kwenye barabara ya Mutshatsha. Motopompe ya kumwagilia ilikuwa yangu. Land Cruiser ya kupeleka masanduku sokoni ilikuwa ya mama mudogo, aliachiwa na marehemu mume wake, na kazi ya ile gari ndiyo inalipia watoto watatu masomo. Motere yake ni 1HZ, silinda sita, litri 4.2, ile Toyota ilianza kuitia mu Land Cruiser mwaka 1990. Mafundi wetu wanaipenda kwa sababu haina kompyuta: pompi ya enjeksio ni chuma tupu, inazungushwa na motere yenyewe.

Sasa, wakati wa lisansi, mwalimu wetu mmoja alisema siku moja, kwa kupita tu, kwamba wakati wa vita ya pili ya dunia watu walifika mpaka kutafuta namna ya kuendesha malori kwa mafuta ya ngazi. Ngazi ni michikichi; ndugu zetu wa Tanzania mafuta yake wanaita mawese. Alisema sentensi moja, kisha akaendelea na magonjwa ya majani. Mimi nikaiandika na kupiga mstari chini yake.

Na mimi nilikuwa na bidoni tatu za mafuta ya ngazi. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kasai alikuwa na deni langu la vitunguu, akanilipa kwa mafuta ya zamani, yaliyoanza kuchacha, ambayo jikoni hakuna mtu aliyeyataka. Nikayachuja kwa kitambaa saa sita za mchana, jua kali, yako mepesi na mekundu, na bidoni mbili nikazimimina mu tanki juu ya mazutu iliyokuwamo, karibu nusu kwa nusu. Gari ilienda mpaka shambani bila shida yoyote. Nyuma yake ilikuwa inaacha harufu ya bitumbula. Nilifurahi, bandugu, siwafichi. Nilijiona nimefungua mgodi.

Nikalala shambani. Wale wasiojua kwetu wanafikiri Afrika ni joto tu. Kolwezi iko juu, karibu metri 1.400 na zaidi, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Saa kumi na moja asubuhi tulipakia masanduku 18 ya tomati. Gari iliwaka. Kilometri nne mbele, kwenye mlima mdogo, ikaanza kupoteza nguvu, ikashusha sauti, ikazima.

Nilimpigia simu papa mmoja mwenye garaje mjini, aliyeitengeneza ile gari tangu zamani za mume wa mama mudogo.

“Haloo, mama agronomu. Ilizima mara moja ao polepole?”

“Polepole, papa. Sawa mutu anafungwa pua.”

“Basi ile haiko umeme. Ile ni njaa. Fungua kapo, pompa na ile pompi ya mukono juu ya filtri. Iko namna gani?”

Hapa nilijifunza kitu ambacho kila mwenye gari ya mazutu angepaswa kukijua mbele ya kununua gari. Ile pompi ndogo ya mkono inasema. Ukipompa na inabaki laini, haikazi hata kidogo, hewa inaingia mahali fulani. Ukiisukuma chini na inakataa kurudi juu, njia ya kutoka tanki imeziba. Ikiwa ngumu kama jiwe na haishuki, chakula kimefika lakini filtri hailetewi nafasi ya kumeza. Ya kwetu ilikuwa jiwe.

“Filtri,” akasema papa. “Lakini ile filtri nilibadirisha mwezi uliopita. Mama, ulitia nini mu tanki?”

Nikanyamaza. Kisha nikasema.

Na yeye akanyamaza. “Mafuta ya ngazi. Mu kiangazi.” Nikasikia anavuta pumzi. “Usirudilie kuwasha. Ile pompi ya enjeksio haina mafuta ingine ya kuilainisha, inajilainisha na ile mazutu inapitisha. Ukilazimisha na hakuna kitu kinapita, itajikula. Unajua bei ya ile pompi?”

Nilijua. Ilikuwa inapita mavuno yangu yote ya kiangazi. Na haikuwa gari yangu.

Alifika na moto saa tatu, filtri mpya mfukoni. Alipofungua ile ya zamani, ndani hamkuwa na mazutu. Mlikuwa na kitu cha rangi ya machungwa, kizito, kimeganda kama siagi ya duka. Mafuta ya ngazi yana sehemu mbili, moja inabaki maji na nyingine inaganda hata kwenye joto la kawaida la nyumba, tena mbele ya kufika baridi ya Kanzenze. Mtu yeyote aliyeweka chupa ya mafuta ya ngazi dirishani mwezi wa saba anajua. Mimi mwenye lisansi nilijua pia, lakini nilijua kwa ajili ya jikoni tu.

Tulingoja jua lipande, tukamwagia filtri mpya na mabomba maji ya moto, tukatoa hewa, tukaondoka saa tano. Tomati zilikuwa zimepigwa jua kwenye karoseri masaa yote yale. Sokoni niliziuza nusu ya bei kwa wamama wa kupika supu.

Kisha nikaanza kutafuta ile sentensi ya mwalimu ilitoka wapi.

Mwanzo wake ni wa zamani kuliko nilivyofikiri. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha motere ndogo ya Diesel inayotumia mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza miaka 12 baadaye kwamba ilizunguka vizuri hata watazamaji wengi hawakujua inakula nini. Na aliyeomba ile jaribio ni serikali ya Ufaransa, ikiwaza makoloni yake ya Afrika, mahali karanga zinaota na mafuta ya petroli yanakuja kwa meli. Kwa hiyo swali la kulisha motere kwa zao la shamba liliulizwa tangu mwanzo juu ya Afrika, bila Mwafrika kuulizwa.

Mwaka 1937 Georges Chavanne, mwalimu wa kemia kwenye chuo kikuu cha Bruxelles, alipata hati ya uvumbuzi ya Ubelgiji namba 422.877. Soma vizuri alichofanya, kwa sababu ndicho nilichokosa. Hakutia mafuta ya ngazi mu motere. Aliyageuza kwanza. Mafuta ya mimea ni kama mkono mmoja wa gliserini unaoshika vidole vitatu virefu vya asidi. Ule mkono ndio unafanya mafuta yawe mazito, uzito wa kupita mazutu zaidi ya mara kumi. Chavanne alichanganya mafuta na alkoli na asidi kidogo. Alkoli ikachukua nafasi ya gliserini, kila kidole kikawa peke yake, na kilichobaki ni kimiminiko chepesi kinachokaribia mazutu. Leo watu wanaita biodizeli, na wanadhani ni kitu cha juzi. Mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria lilifanya kazi kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta ya ngazi yaliyogeuzwa namna ile.

Mafuta ya ngazi yalitoka wapi? Kwetu. Tangu 1911 Lever alikuwa na makubaliano na serikali ya Ubelgiji juu ya ardhi ya ngazi, na Lusanga ya Kwilu ilichukua jina lake, Leverville.

Kisha 1942, wakati Ubelgiji yenyewe iko chini ya Wajerumani, Bulletin agricole du Congo belge ikachapisha kazi ya M. van den Abeele juu ya mafuta ya ngazi kama chakula cha motere. Inaanza ukurasa wa 3 na kumalizika ukurasa wa 90. Gazeti la kilimo, bandugu! Si la mafundi wala la wanajeshi. Ni mtu wa kazi yetu aliyeandika, mwaka mmoja baada ya Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi kutoa ile kazi yao ya dura, pisifera na tenera ambayo sisi wote tuliifanyia mtihani. Tenera tuliikariri mpaka tukaiota. Ile nyingine hatukupewa hata kichwa chake. Van den Abeele anaeleza uzito wa mafuta mbele na nyuma ya kugeuzwa, jinsi yanavyochanganyika na mazutu ya kawaida, wepesi wake wa kuwaka, ambao ulipita ule wa mazutu nyingi za wakati ule, na anaeleza lile basi la Louvain.

Lile basi lilitembea wakati wa joto. Majira ya joto ya 1938. Hilo neno moja lingeniokolea masanduku 18. Hata mafuta yaliyogeuzwa kama ya Chavanne, yakitoka kwenye ngazi, huanza kufanya wingu mbele ya baridi ya Kanzenze. Sembuse yangu mimi niliyochuja kwa kitambaa.

Kwa nini ile kazi iliandikwa mwaka ule? Angalia karata. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini. Njia ya kwenda Lobito kwa kupitia Dilolo ilifunguliwa 1931. Kolwezi ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kila litri iliyofika hapa ilikuwa imevuka bahari, kisha nchi ya mwingine, kisha reli. Vita ikileta ukosefu wa meli, mwisho wa njia ndio unakauka kwanza, na mwisho wa njia ni sisi. Brazili, Argentina, Uchina, zote katika vita ile zilijaribu mafuta ya mimea kwa sababu hiyo hiyo.

Kulikuwa pia na gazojene, na hii ilikuwa rahisi kuliko kemia ya Chavanne. Ni pipa la chuma nyuma ya lori. Unatia makala ao kuni, unawasha, unanyima moto hewa ya kutosha. Moto wenye njaa hautoi moshi wa kawaida, unatoa gazi inayoweza kuwaka tena, na ile gazi inapozwa, inachujwa, inaingia mu motere ya esanse mahali pa kabirateri. Karibu kilo tatu za kuni kavu zinafanya kazi ya litri moja ya esanse. Huko Ulaya magari karibu milioni moja yalitembea hivyo wakati wa vita, na Kongo ya Wabelgiji pia ilikuwa na malori yake ya gazojene. Nguvu inapotea, wakati mwingine theluthi moja na zaidi. Mlimani abiria wanashuka. Vumbi ya makala inaziba filtri kila siku. Na ile gazi yenyewe inaua kimyakimya ukiipumua kwenye garaje iliyofungwa. Lakini nchi ya miombo yenye watu wanaojua kuchoma makala haikukosa chakula chake. Tunachoma mpaka leo, kwa bukari tu.

Sasa neno ambalo ile kazi ya 1942 haiwezi kuonekana bila lenyewe. Mafuta ya ngazi yalionekana ya bei nafuu. Nafuu ya nani? Mwaka ule ule, kwa ajili ya jasho la vita, siku za kazi ya lazima mashambani vijijini zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Siku 120, theluthi ya mwaka. Aliyepanda juu ya ngazi, aliyekata makonyo, aliyebeba kichwani hadi kwenye kituo, hakuhesabiwa kwenye bei ya litri. Mimi mwenyewe, nilipopiga hesabu yangu, niliandika “bure” mbele ya bidoni tatu, na hazikuwa bure: zilikuwa vitunguu vyangu vya miezi minne. Tena ngazi haistawi kwetu. Inataka mvua karibu mwaka mzima. Sisi tuna miezi mitano na zaidi bila tone. Kila bidoni inatoka kaskazini, kwa lori ao kwa treni inayokula mazutu.

Baada ya vita petroli ikarudi kwa bei ndogo na kazi ya van den Abeele ikalala. Njia iliziba tena upande wa jirani: Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1965, Zambia, iliyokuwa inapitishia mafuta yake huko, ilibaki mikono mitupu. Mwanzo wa 1966 ndege za Pan Am na TWA zikabeba mafuta ndani ya mapipa kutoka Léopoldville hadi Elisabethville kwa ajili ya Zambia, na malori yakawa yanavunjika kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Dar es Salaam mpaka bomba la TAZAMA, kilometri 1.710, lilipofunguliwa 1968. Fikiria: kwa miezi michache Katanga ndiyo ilikuwa kituo cha mafuta cha jirani. Kisha 1975, mwaka mmoja wenye mambo mawili: vita ya Angola ikafunga njia ya Lobito, na visima vya baharini vya Muanda vikaanza kutoa mafuta. Nchi yetu inatoa mafuta ghafi upande wa bahari ya magharibi, na Kolwezi inakunywa yale yanayoingia Kasumbalesa kwa malori. Kobalti yetu nayo inatoka kwa njia ile ile, ili magari ya wengine yaache mazutu.

Nirudi garaje. Papa hakutaka gari itoke bila kusafishwa yote. Alimwaga tanki kwa chini, akaisuuza, akatoa kile kichujio kidogo cha ndani, akapuliza bomba kwa kompresa kutoka upande wa filtri kurudi nyuma, si kinyume, ili uchafu usisukumwe mbele. Alitoa enjektere sita akazijaribu moja moja. Mbili zilikuwa zinachuruzika mahali pa kupuliza ukungu, alizisafisha. Pompi ilikuwa nzima. Mama mudogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi bila kusema. Aliposikia “pompi ni nzima” aliomba maji ya kunywa.

Nilimweleza papa nilichosoma: kwamba kuna watu wanaotia tanki mbili, moja ya mazutu ya kuwashia na moja ya mafuta ya mimea yanayopashwa na maji ya radiateri, na unarudi kwenye mazutu dakika chache mbele ya kuzima ili mafuta yasigande ndani ya mabomba. Alisikiliza vizuri, akachora kwenye vumbi, akaelewa kunipita. Kisha akauliza, “Na ile robine, nani atakumbuka kuigeuza mbele ya kuzima? Wewe? Shofere? Ao yule kijana anashikaka gari siku ya mungu?”

Akafanya kitu kingine. Mazutu yenyewe tunayonunua kwa ma-Kadhafi barabarani, ndani ya bidoni, ina maji na mchanga, na ile ni shida ya kila siku, si ya mara moja kama wazimu wangu. Akafunga filtri ya pili mbele ya ile ya kawaida, yenye kikombe cha kuonekana ndani, aliyoitoa kwenye lori iliyokufa. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini ya kikombe. Unafungua kizibo kidogo asubuhi, yanatoka. Alinionya: “Kila kiungo kipya ni mulango ya hewa.” Na kweli, wiki tatu baadaye gari ikawa inachelewa kuwaka asubuhi. Pompi ya mkono: laini. Akatia kipande cha bomba la plastiki nyeupe kwa muda, tukaona mapovu yanapita, tukarudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka kwenye kola moja iliyokuwa pana kuliko bomba lake. Franka chache.

Bidoni ya tatu ilibaki. Mama mudogo aliinunulia soda ya moto, akaigeuza sabuni nyuma ya nyumba, akakoroga siku nzima na mti wa mwembe. Mafuta, soda, na gliserini inaachilia vidole vyake: ni ndugu wa kemia ya Chavanne, na yeye aliijua tangu utoto wake. Vipande vitano nilimpelekea papa garaje. Alisema inatoa mazutu mikononi vizuri kuliko ile ya duka, na akauliza kama ninayo bidoni ingine.